Taa ya Kijani ya El Dimtu

Saa mbili na robo asubuhi, Kinsi Shire anainua jerikeni la lita ishirini na kumimina maji kwenye pipa la bluu. Pipa limesimama ndani ya ofisi, katikati ya kompyuta mbili na mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la matairi mjini Isiolo. Mtu akiingia bila kuelezwa atadhani paa linavuja.

Kwenye kiti cha plastiki ameketi Golicha Wario, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, mhudumu wa kisima cha El Dimtu, mbele kabisa ya Sericho. Amesafiri kwa lori siku moja na nusu. Magotini amepakata gunia, na ndani ya gunia kuna kifaa kikubwa kama tofali, chenye waya mrefu na taa moja ndogo. Hakiweki chini hata anapokunywa chai.

"Lori inarudi leo baada ya swala ya adhuhuri," anasema. "Naenda na hii, ama naacha hapa. Kamati ya maji iliniambia, Golicha, wewe ndio utaangalia na macho yako."

Kinsi anatikisa kichwa kukubali. Ana miaka ishirini na tisa.

Kazi yake si rahisi kuieleza. Mama yake mzazi alishakata tamaa. Majirani huwaambia tu kwamba binti yake anafanya mambo ya maji kwa kompyuta. Marehemu baba yake, mzee Shire, alikuwa dereva wa lori aliyejua kila shimo la barabara ya Garbatulla. Bintiye akasomea ufundi wa kompyuta mjini Meru, akarudi nyumbani, na sasa analipwa shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi na mradi mdogo wa maji unaosimamia visima tisa vya mashariki mwa kaunti.

Kazi ni hii. Kila baada ya dakika tano, kifaa kilichofungwa kwenye tangi la kisima hupima kina cha maji. Kisha hutuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa simu, kwa njia ileile ya HTTP ambayo simu yako hutumia kufungua ukurasa wa gazeti. Mjini kuna programu isiyolala. Hukaa mlangoni tu, ikisubiri kubishiwa hodi. Mafundi huiita msikilizaji.

Msikilizaji akipokea ujumbe, huupeleka kwenye hifadhidata ambamo kila kipimo huwekwa pamoja na saa yake. Kutoka hapo huchorwa mstari kwenye kompyuta, na mtu aliye Isiolo anaona kama tangi la Sericho linajaa au linakauka.

"Kipimo bila saa hakinisaidii," anasema Kinsi. "Ukiniambia maji ni sentimita themanini, nitakuuliza, lini?"

Msikilizaji mwenyewe hupangwa kwa faili fupi, mistari isiyozidi kumi na mitano. Mstari mmoja unataja mlango atakaokaa. Mwingine unasema ujumbe uwe mkubwa kiasi gani. Mwingine unasema asubiri sekunde ngapi, na mwingine aupeleke mzigo wapi. Mtu anaweza kuiandika faili hiyo huku chai yake ikipoa. Kinsi aliiandika hivyo mwaka jana, na mstari mmoja wa faili hiyo ndio uliomleta Golicha hapa leo na gunia lake.

Mtandao wa El Dimtu ni mwembamba. Majibu yalikuwa yakichelewa, na kifaa kikikosa jibu kwa sekunde tatu kilituma tena na tena hadi betri inachoka. Basi Kinsi akamwambia msikilizaji ajibu kwanza, apeleke baadaye. Ujumbe ukibisha hodi tu, kifaa kijibiwe palepale kwamba umepokelewa. Kifaa kikisikia hivyo, kinawasha taa ya kijani na kufuta kipimo kile kwenye kumbukumbu yake.

"Nilitaka kisisumbuke," anasema. "Niliona nimefanya jambo la akili sana."

Siku walipofunga kifaa, alisimama chini ya tangi na kuwaambia wahudumu maneno ambayo Golicha anayakumbuka yote. Aliwaambia taa ikiwa kijani, wajue habari imefika Isiolo.

Mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kimekaza, waya wa pampu ya sola ya El Dimtu uliungua. Tangi likaanza kushuka. Kifaa kikapima, kikatuma. Lakini huku mjini diski ya hifadhidata ilikuwa imejaa na ilikuwa inakataa kila kitu. Msikilizaji akaendelea kupokea, akaendelea kujibu kwamba amepokea, na vipimo vikamwagika hewani. Kwenye kompyuta ya Kinsi mstari haukukatika. Ulinyooka tu pale ulipoishia, sentimita mia na themanini, tangi karibu limejaa.

Siku ya pili Golicha alipanda kilima na kupiga simu. Kinsi ni Msomali wa Isiolo, lakini Kiborana amekikuta mtaani tangu utotoni, na anajua salamu zake zinavyokwenda. Mtu huulizwa amani kwanza, naye hujibu amani, hata kama nyumba yake inaungua. Watu ni amani, mifugo ni amani, maji ni amani. Salamu zikiisha ndipo huulizwa oduu, yaani habari zenyewe, na hapo ndipo mtu hufungua kinywa na kusema lililompata.

Walisalimiana hivyo. Kinsi akauliza watu, akajibiwa nagaa, yaani amani. Akauliza mifugo, nagaa. Akauliza maji, nagaa. Simu ikakatika kabla ya oduu.

"Nilimpigia mara mbili, hapatikani," anasimulia. "Nikaangalia kompyuta, tangi limejaa. Mzee mwenyewe amesema nagaa. Nikafunga ofisi nikaenda nyumbani kula. Ya Allah, nilikula nikashiba."

Na kwa nini Golicha hakupanda kilima tena? Swali hilo aliulizwa mara nyingi na watu wasiowahi kukiona kilima chenyewe. Antena ya kifaa iko juu ya mlingoti wa mita sita, simu yake haina mlingoti. Lakini sababu yenyewe si hiyo.

"Ya nini?" anauliza, na sauti yake haina hasira. "Nilikuwa naangalia taa. Asubuhi kijani, jioni kijani. Nikaambia watu, Isiolo wamesikia, fundi ako njiani. Nikawashikilia watu siku nne."

Siku ya nne tangi lilikuwa tope. Familia arobaini na sita zilihama kuelekea kisima kingine, kilomita thelathini na moja, zikiwa zimechelewa siku nne. Mbuzi ishirini na saba walibaki njiani, na ngamia watatu. Mama yake Golicha, Sadiya, ajuza aliyekuwa amefungwa vizuri juu ya punda, alifariki siku ya pili ya safari kabla ya kuona maji. Hakuna daktari aliyeandika sababu. Golicha hahitaji kuandikiwa.

Habari zilifika Isiolo kwa mdomo wa dereva wa lori. Kinsi alifungua kompyuta, akaona ule mstari ulionyooka, na akaelewa kila kitu kabla hajaketi.

Mkuu wa mradi, Karimi, si mtu mbaya, lakini ripoti ilikuwa inasubiriwa na wafadhili. Aliandika kwamba mhudumu wa kisima hakutoa taarifa kwa wakati. Kinsi alisoma sentensi hiyo mara mbili, akaifuta, akaandika yake. Msikilizaji alipangwa kujibu kabla ya kufikisha. Aliyempanga ni Kinsi Shire.

"Nilimwambia Kinsi, utajiharibia kazi bure," anakiri Karimi. "Akaniambia, huyo mzee amezika mama yake, na wewe unataka kumzika yeye kwa karatasi? Nikatia saini."

Jina la Kinsi likabaki kwenye ripoti. Mkataba wake wa mwaka ukageuka kuwa wa miezi mitatu mitatu, na wa sasa unaisha mwezi ujao.

Kabla ya hapo alipanda lori hadi Sericho, akatembea hadi walikohamia, akaketi mbele ya Golicha na kutoa rambirambi. Kisha akamwambia waziwazi kwamba taa ilidanganya na aliyeifundisha uongo ni yeye. Golicha akamwita mkewe alete chai ya maziwa ya ngamia, akamwekea Kinsi kikombe mkononi. Kinsi alipomaliza kunywa, Golicha akamwambia aende salama. Wiki iliyofuata kamati ya maji ilikishusha kifaa kutoka kwenye tangi.

Sasa ni Julai, kiangazi kimeanza tena, na pampu ya El Dimtu imeshazima mara moja mwezi huu. Mafundi wa pampu wapo Isiolo. Bila kifaa, wanajua baada ya siku tano au sita, lori likipita. Kamati haikitaki, na inakihitaji. Ndiyo maana imemtuma Golicha.

Saa tatu na nusu kihisi, ile ncha ya waya inayopima kina, kimetumbukizwa ndani ya pipa. Kinsi amekipanga kifaa kitume kila dakika badala ya kila tano. Anamweleza mgeni wake alichobadilisha. Sasa msikilizaji hatakiwi kujibu mpaka hifadhidata yenyewe iseme imeandika. Kifaa nacho kinasubiri sekunde thelathini, si tatu, na kisipojibiwa vizuri kinahifadhi kipimo na kuwasha nyekundu.

"Basi chomoa hii," anamwambia, akimwonyesha waya wa kompyuta ya hifadhidata chini ya meza. "Usinisikilize mimi. Chomoa wewe."

Golicha anapiga goti, anachomoa waya. Wote wawili wanageukia taa. Dakika inapita polepole.

Taa inawaka kijani.

Nje, kijana wa matairi anagonga ringi kwa nyundo. Golicha anavuta kihisi kutoka kwenye pipa, anakipangusa kwa pindo la shuka, na kuanza kuukunja waya taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Uso wake hauonyeshi lolote, na hilo ndilo linalomtisha Kinsi zaidi.

"Imedanganya," anasema Kinsi. "Imedanganya tena, mzee. Sikufichi. Nipe dakika kumi nijue kwa nini. Nikishindwa, iache hapa mezani, mimi mwenyewe nitawaambia kamati wasiichukue."

Golicha anaukunja waya hadi mwisho, anauweka juu ya gunia. "Kumi," anasema.

Kinsi anainama kwenye kompyuta. Anaisoma faili mstari kwa mstari, na faili haina kosa. Anaisoma tena. Kisha anaiuliza kompyuta swali ambalo angepaswa kuliuliza tangu jana: nani amekaa kwenye mlango namba 8186?

Ni yule wa zamani. Wakati wa kumjaribu msikilizaji mpya alimpa mlango wa jirani, 8187, asije akavuruga visima vingine. Alipomaliza, akasahau kumwondoa wa kwanza. Kifaa kimekuwa kikibisha hodi kulekule kilikozoea, na yule mzembe wa Februari bado yuko pale, anaitikia kila anayekuja. Ni sawa na kuajiri askari mpya na kumwacha wa zamani getini.

"Lahaula," anasema kwa sauti ya chini, na anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea. Anamzima wa zamani. Anamhamisha mpya kwenye mlango wake. Kisha anaandika amri moja zaidi, kwamba kompyuta ikizimwa na kuwashwa, yule wa zamani asiamke kamwe.

Anamweleza Golicha alichokikuta, bila kupunguza. Mzee anamsikiliza, anafikiri.

"Huyo wa zamani alikuwa anasalimu tu," anasema. "Nagaa, nagaa, nagaa. Hakuwahi kufika kwa oduu."

"Ndiyo hivyo."

"Kama mimi kwa simu."

"Hapana," anasema Kinsi haraka. "Wewe ungefika. Wewe ulikatiwa."

Golicha anakirudisha kihisi kwenye maji.

Kinsi anauchomeka waya wa chini ya meza, na Golicha anauchomoa tena. Dakika inapita. Taa inapepesa, inasita, halafu inawaka nyekundu. Kwenye kompyuta inatokea namba, 503.

"Hiyo ni nini inasema?"

"Inasema, sijafikisha. Usifute."

Lakini Golicha hajamaliza. Anamwomba Kinsi kalamu na kumwambia ageukie ukutani. Kinsi anageuka. Kwa robo saa nzima mzee anafanya mambo yake, anainua kihisi, anakishusha, anatazama saa yake ya mkononi, anaandika kitu kwenye kiganja na kukifunika. Karimi anachungulia mlangoni, anamwona fundi wake amesimama anatazama ukuta, na anaondoka bila kuuliza.

"Sasa rudisha."

Waya unarudi. Kwa sekunde kadhaa hakuna kinachotokea. Kisha vipimo vinaanza kuingia, kimoja baada ya kingine, vyote vilivyokuwa vimewekwa akiba, na kila kimoja na saa yake. Taa inarudi kijani.

"Soma," anasema Golicha, kiganja amekikunja kifuani.

"Saa nne na dakika kumi na mbili, sentimita hamsini na nne."

Golicha anachungulia kiganja. "Mm."

"Na kumi na tano, sentimita thelathini."

"Mm."

"Na kumi na tisa, sifuri. Ulikitoa nje kabisa."

"Mimi nimeandika ishirini." Anaitazama saa yake, anaitikisa. "Wachana na hiyo. Hii saa yangu inakimbia."

Ni mara ya kwanza leo anatabasamu, na tabasamu halikai. Anainuka, anafungua mfuniko wa kifaa, na bila kuomba ruhusa anang'oa betri. Taa inazimika.

"Na ikikufa kabisa je? Fisi ikikula waya? Hapo hakuna nyekundu, hakuna kijani. Kompyuta yako itachora tangi imejaa?"

Kinsi anamwonyesha kompyuta. Mstari umekatika palepale. Hakuna tena kunyooka. Kipimo kisipokuja, panabaki nafasi nyeupe, kama pengo la jino. Anamwomba waketi wasubiri dakika kumi. Wanasubiri. Wanazungumza juu ya bei ya mbuzi katika soko la Oldonyiro, juu ya mvua iliyogoma, juu ya mzee Shire ambaye Golicha aliwahi kupanda lori lake akiwa kijana na akaombwa ashuke kusukuma.

Simu ya Kinsi inalia. Sekunde moja baadaye inalia nyingine, na Golicha anashtuka, kwa maana inatoka kwenye mfuko wa kanzu yake. Anaisogeza mbali na macho ili aisome. El Dimtu kimya tangu saa nne na dakika thelathini na moja. Mtafute mtu wa kisima.

"Imetuma pia kwangu?"

"Kwako, kwangu, na kwa fundi wa pampu. Nikilala mimi, mmoja wenu ataamka."

Golicha anarudisha betri na kurudia kila jaribio tangu mwanzo, hadi adhana ya adhuhuri inapoanza kusikika kutoka msikiti wa sokoni. Golicha anakirudisha kifaa kwenye gunia, waya juu, kihisi kimefungwa kwa kitambaa. Hajasema kama anakichukua au anakiacha. Anasimama na gunia mkononi, anaelekea mlangoni, anasimama tena.

"Mama alikuwa anauliza kila jioni," anasema, bila kugeuka. "Isiolo wamesema nini? Namwambia, mama, wamesikia. Jioni ya mwisho, tuko njiani, aliuliza tena. Nikamwambia hivyo hivyo, wamesikia."

Kinsi ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili. Machozi yanamtoka na hayafuti. "Mzee Golicha," anasema, "sikusikia. Wallahi sikusikia."

"Najua," anasema. "Ndio maana nimekuja kuona mwenyewe." Analiweka gunia begani, anaaga, na kuondoka nalo.

Siku hiyo Kinsi hakula mchana. Alimwaga maji ya pipa kwenye miche ya mwarobaini nyuma ya duka la matairi, jerikeni moja baada ya jingine, kisha akarudi mezani. Bado kuna visima vinane vyenye kifaa cha aina hiyo. Anataka kumaliza vyote kabla ya mvua za Oktoba, mkataba wake uongezwe usiongezwe, na amemwandikia Karimi sharti moja tu: kila mhudumu alipiwe nauli aje Isiolo, apige goti chini ya meza, achomoe waya kwa mkono wake mwenyewe. Karimi ametia saini visima vitatu. Vitano bado wanabishana.

"Sitaki tena mtu aniamini kwa sababu nimesema," anasema. "Akipenda aandike kwenye kiganja, mimi nitageukia ukuta."

Asubuhi ya siku ya nne, saa moja kasoro, akiwa ameshafika ofisini na bado anafunga leso kichwani, simu inalia. Mstari wa El Dimtu umerudi kwenye kompyuta tangu jana jioni. Ameutazama mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri. Anapokea, na kwa mazoea ya maisha yake yote anafungua kinywa kusalimu.

Golicha hamngoji. Upepo wa kilimani unavuma kwenye simu, naye anasema haraka, kama mtu anayejua laini inaweza kukatika.

"Maji sentimita mia na sitini na tano. Pampu inafanya. Taa kijani. Umeona?"

Kinsi anaangalia kompyuta. Mia na sitini na tano, saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano.

"Nimeona."

"Haya," anasema Golicha, na pumzi inamshuka. "Sasa nisalimie."